Hesabu ya Watu na Neno la Bibi Zetu

Mwaka 1967 Tanzania ilihesabu watu milioni 12.3, mwaka 2022 ikahesabu 61,741,120. Ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka huzidisha watu mara mbili kwa miaka 22 hivi. Sera ya idadi ya watu tunayo tangu 1992, nayo ilitengenezwa upya mwaka 2006. Lakini mimi, mwalimu wa lugha, naona ubaridi katika maneno yake. "Uzazi wa mpango" ni msemo wa afisini. ("Uzazi wa majira" una ladha zaidi, mkulima anajua majira.) Bibi zetu walikuwa na neno kubemenda: kumdhoofisha mtoto kwa wazazi kuingiliana kabla hajaachishwa ziwa. Matabibu hawakubali sababu hiyo, na lawama mara nyingi ilimwangukia mama peke yake, jambo nisilolipenda. Hata hivyo neno lile lilimpa mama muda wa kupumua, na mume aliliogopa. Nani huogopa neno sera? Nadhani ruhusa ya Novemba 2021, ya wasichana waliojifungua kurudi shuleni, itafanya kazi kuliko mabango mengi; maana msichana asomaye huchelewa kuolewa, na akiolewa huweza kumwambia mumewe: bado.