Chelezo Chetu Katika Mto Ruhuji

Twataka kuwapasha habari za safari yetu ya Njombe, sisi wanafunzi watatu wa pwani, tuliyoifanya mwezi wa Juni wakati wa likizo.

Tulitoka Dar es Salaam kwa gari la moshi la TAZARA. Reli hii ilijengwa tangu mwaka 1970 hata 1975, nayo yafika Kapiri Mposhi katika nchi ya Zambia, urefu wa kilomita 1,860. Tulishuka Makambako, mahali njia ya Njombe na Songea inapoachana na barabara ya Mbeya. Baridi ndiyo iliyotulaki kwanza! Akina mama waliokuwa wakiuza viazi walituona tukitetemeka, wakacheka, kisha wakatufundisha salamu ya Wabena: "Kamwene." Toka hapo hata Njombe ni kilomita 60 hivi, na njiani tuliona misitu ya misindano na miwati, na mashamba ya chai.

Mto Ruhuji wapita Njombe mjini, na maporomoko yake yapendeza sana. Mwenzetu mmoja ni mzaliwa wa Rufiji. Aliposikia ya kuwa maji yale huingia Kilombero, kisha Rufiji, hata Bahari ya Hindi, alisema, "Kumbe mto huu ni wetu!" Basi siku ya pili tukaenda mbali na maporomoko, tukafunga mianzi kwa kamba, tukapata chelezo. Mzee mmoja aliyekuwa akivuna mahindi akatuonya, "Wanangu, msiingie. Hapa maji yamelala, lakini mbele kuna mawe." Tukamshukuru kwa adabu, wala hatukumsikia.

Mara mkondo ukakivuta chelezo, kikapiga jiwe, kamba zikakatika. Wawili tulishikilia jiwe. Lakini yule wa Rufiji, aliye hodari wa kuogelea kutupita sote, mikono yake ilikufa ganzi kwa baridi, akaanza kuzama. Ndipo mzee akaja mbio pamoja na mwanawe, wakanyosha mwanzi mrefu, wakamvuta yeye kwanza, kisha sisi.

Mzee hakutukaripia. Alitupeleka kwake, na mkewe akatukokea moto, akatufunika mablanketi ya watoto wake, akatupa viazi vya moto na chai. Mwenzetu alipopata kusema, alisema kwa haya, "Baba, nisamehe. Nalidhani naujua mto huu."

Mzee akajibu, "Waujua, mwanangu, lakini waujua katika uzee wake. Huko kwenu umekwisha kuchoka, waenda taratibu. Hapa kwetu ungali kijana."

Tulipotoa fedha alikataa. Aliomba jambo moja tu, kwamba mwenzetu arudipo kwao awasalimu wote wanaochota maji yale huko chini. Salamu hiyo imekwisha kufika.

Nanyi wazazi na walimu, mnapowapeleka vijana ugenini, wafundisheni kumwuliza mwenyeji. Tena wafundisheni lile lililotushinda sisi: akiisha kujibu, wamsikie.