Mkate wa Idi

Mkate wa kumimina hauna siri nyingi. Mchele hulowekwa usiku kucha, ukasagwa kwa tui zito la nazi pamoja na iliki na hamira. Huachwa uumuke, kisha hutiwa sukari na ute wa yai, ukamiminwa katika sufuria iliyokwisha kupata moto na kupakwa samli. Makaa machache huwa chini, na mengi hupaliwa juu ya kifuniko. Nyumba nyingi za pwani, na za bara iliyo jirani nayo, huyajua haya.

Walakini palikuwa na nyumba moja Ruangwa ambayo majirani waliipelekea mchele na nazi zao kila mkesha wa Idi, kwa kuwa mikate iliyotoka humo ilikuwa laini kuliko yao. Mama wa nyumba hiyo, mjane, alipokea ujira mdogo, na kwa ujira huo watoto wake walivaa nguo mpya siku ya sikukuu. Ustadi ule ndio uliokuwa shamba lake.

Binti yake mkubwa aliolewa Nachingwea, mji ambao Waingereza walitaka kuufanya ghala la karanga katika mpango wao wa 1947, wakauacha 1951. Reli yake ya kutoka Mtwara nayo ikafungwa baadaye. Hesabu za karanga zile zilikuwa nzuri mno katika karatasi. Huko binti aliingia katika kikundi kidogo cha maigizo, watu kumi na mmoja, wengine wa Nachingwea na wengine wa Ruangwa, waliokuwa wakijifunza *Kinjeketile*, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka 1969. Mazoezi yalifanywa usiku wa Ramadhani, baada ya tarawehe. Wenzake walimwomba mapishi ya mama yake, ili waoke wenyewe mikate ya wageni siku ya mchezo. Aliyatoa bila kusita, na pengine hapo alikosea, maana kitu hakikuwa chake.

Karani wa kikundi aliandika: mchele kikombe, tui kikombe. Mikate ya majaribio ilinywea, ikalala katika sufuria kama uji ulioganda. Minong'ono ikaanza. Ilisemwa kuwa ametoa maneno, akaficha mkono. Katika kikundi ambacho kila mmoja humtegemea mwenzake amtajie neno alilosahau, tuhuma ya namna hiyo ni nzito. Usiku uliofuata alikwama katikati ya maneno yake, na hapana aliyemkumbusha.

Akaenda Ruangwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekwisha kusikia."

Mama akatoa kikombe cha kauri chenye pengo mdomoni. Tui la nyumba ile lilipimwa mpaka penye pengo, wala si zaidi. Binti alikitumia tangu utoto, asitambue kuwa pengo lile lilikuwa kipimo. Akauliza kama awanyime.

"Umekwisha kuwapa," mama alisema. "Wape na pengo."

Mikate ya siku ya mchezo iliumuka vizuri. Jukwaani binti alikwama tena, na sauti tatu zikampa neno kwa pamoja, hata watazamaji wakacheka.

Mkesha wa Idi ya mwaka uliofuata, mabakuli ya mchele yaliyoletwa barazani kwa mama yalikuwa manne. Kwa desturi hayakupungua kumi na tano. Mama aliyatazama, akayapanga upya. Kisha akaketi juu ya mbuzi, akaanza kukuna nazi.