Kosa Lenye Majina Manne

Kompyuta ya steshenari ya mama ilianza kuzimika mwezi wa pili, na kufikia mwezi wa tatu nyumba nzima ilikuwa imekubaliana kwamba mkosaji ni mdogo wangu. Ana miaka 15, anapenda gemu, na flashi zake hakuna anayejua zimepita wapi. Ushahidi zaidi ya huo hakuna aliyeutaka.

Skrini ilikuwa inageuka buluu, inatoa ule uso wa huzuni uliolala ubavu ambao Windows iliuleta na toleo la 8 mwaka 2012, inahesabu asilimia, kisha inajiwasha upya. Haifanyi hivyo kwa ukorofi. Ikikuta ndani ya kiini chake jambo ambalo halikupaswa kutokea, inasimamisha kila kitu kabla data hazijaharibika zaidi. Maelezo hayo hayamsaidii mteja aliyekuja kuchapiwa barua ya maombi ya kazi, ofisi anakoipeleka ikiwa inakaribia kufungwa. Anavuka barabara. Ng'ambo kuna steshenari nyingine.

Nami nilikuwa na langu. Laptopu nilikwishaiuza nilipie ada ya muhula wa pili, kwa hiyo tasnifu nilikuwa naiandika pale pale, usiku, duka likishafungwa, mkono mmoja ukiwa tayari kuseivu kila baada ya sentensi.

Fundi alikuja, akapiga window, akachukua 20,000. Siku ya nne ikazimika. Akarudi, akapiga tena, akachukua nyingine, na safari hii akaacha na hukumu: "Mama, huyu dogo anakuingizia virusi." Mama akaweka nywila mpya. Mdogo wangu, ambaye mwanzoni alikuwa akiapa kwa kila kiapo anachokijua, akaacha kujitetea. Akaacha na kuja dukani. Yeye ndiye aliyekuwa anabadilisha wino wa printa na kuchomoa karatasi zilizokwama; sasa alikuwa anapitia mlango wa uani.

Ukimya wake ndio ulionifanya nichukue kauntabuku. Kila skrini ilipogeuka buluu niliandika saa, programu zilizokuwa wazi, na yale maneno yanayotokea chini, ambayo watu wengi hatuyasomi. Siku tisa, mara 11, majina manne: MEMORY_MANAGEMENT, IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, SYSTEM_SERVICE_EXCEPTION. Mara mbili mdogo wangu alikuwa shuleni na hakuna aliyekuwa ameigusa kompyuta tangu asubuhi ila mama.

Nilichojifunza ni kwamba draiva mbovu kwa kawaida ina tabia ya kujirudia: jina lile lile, faili lile lile. Majina yakibadilika ovyo, inafaa kuitilia shaka RAM. Sehemu moja ndogo ya kumbukumbu ikioza, anaumia yeyote atakayewekwa hapo. Leo draiva ya printa, kesho Word, keshokutwa kiini chenyewe. Na ukipiga window juu ya RAM mbovu, unahamisha mpangaji mpya kwenye nyumba ile ile inayovuja.

Jumamosi usiku niliwasha kompyuta kwa flashi yenye MemTest86. Programu hiyo hufanya kazi kabla Windows haijaamka. Inajaza kumbukumbu kwa mpangilio fulani wa namba, kisha inazisoma tena, kama unavyomkabidhi mtu chenji akushikie halafu unaihesabu akikurudishia. Hakuna gemu pale, hakuna kirusi cha kusingiziwa. Umeme ulikatika mara moja, nikaanza upya. Baada ya kama dakika 40 mistari myekundu ikaanza kushuka.

Kompyuta ilikuwa na vijiti viwili vya RAM, GB 4 kila kimoja. Nikavitoa, nikafuta meno yake kwa kifutio cha penseli, maana hewa ya Tanga ina chumvi na unyevu, nikavipima kimoja kimoja. Cha kwanza kilimaliza raundi zote nne bila kosa, nikisinzia kwenye kiti cha wateja. Cha pili kilitoa wekundu mapema tu. Nikakihamishia kwenye tundu la mwenzake, nisije nikakisingizia nacho. Wekundu ule ule.

Asubuhi nikamwonyesha mama picha kwenye simu. Aliitazama kwa muda.

"Kwa hiyo ni hiki kijiti?"

"Ndicho, mama."

"Na kipya bei gani?"

Nikamtajia. Akasema tutatumia kilichobaki kwanza. Kompyuta sasa ni nzito kama gari la mkaa, lakini wiki ya tatu hii haijazimika.

Jioni ile nilimsikia akiita kuelekea uani: "Njoo unibadilishie huu wino, mimi sioni vizuri." Mdogo wangu akaja. Akabadilisha, akatoa ukurasa mmoja wa majaribio, akanawa mikono, akatoka. Kupitia mlango wa mbele, lakini. Nywila bado hajapewa.