Kutoka Bruxelles Kwenda Köln: Ushuke Wapi Njiani?

Siku hizi jamaa nyingi za miji yetu ya migodi ziko na mutoto, dada ao mujomba kule Bruxelles. Visa inapatikana kwa shida, tikiti ya ndege inakula feza ya miaka, na musafiri akifika wenyeji wanamuuliza: "Sasa unataka kuona nini?" Wengi wanajibu: "Munipeleke Köln, huko Ujerumani, nione lile kanisa kubwa." Ni neno zuri. Lakini katikati ya Bruxelles na Köln kuko miji mitatu ambayo treni inapita: Leuven, Liège na Aachen. Basi mutu anapashwa kuchagua. Ashuke wapi, na apite wapi pasipo kushuka?

Safari yenyewe ni fupi, zaidi kidogo ya kilometa 200. Treni za mbio, ile ya Eurostar (ambayo hata mwaka wa 2023 ilikuwa ikiitwa Thalys) na ile ICE ya Wajerumani, zinaimaliza kwa saa mbili hivi. Ndiyo maana wamoja wanasema: "Kama ni saa mbili tu, nitashuka kila pahali!" Ndugu, tupige hesabu kwanza. Kushuka si dakika za treni peke yake. Utatafuta pahali pa kuweka valizi, utauliza njia, utatembea kwa miguu, utakula kidogo, utarudi, utangojea treni ingine. Muji mumoja unakula saa tatu ao ine. Miji mitatu inamaliza siku nzima, na Köln utaifikia usiku, milango imefungwa. Katika mwezi wa Desemba ni vibaya zaidi, maana kule jua linashuka karibu saa kumi na nusu ya muchana. Kwa siku moja, muji mumoja wa njiani unatosha.

Jambo la pili ni tikiti. Tikiti ya bei ndogo ya treni ya mbio imefungwa kwa treni moja na saa moja. Ukishuka njiani, kipande kilichobaki kimekufa. Tena treni hizo hazisimame Leuven. Zinasimama Liège na Aachen. Mwenye kutaka kushuka apande treni za kawaida, ambazo haziombi kushika kiti mbele ya wakati, na anunue kipande kwa kipande: Bruxelles hata Liège, Liège hata Aachen, Aachen hata Köln. Kutoka Liège treni ya pole pole inapita Verviers na Welkenraedt, katikati ya vilima na majani mabichi, na macho hayachoke. Pasipoti isibaki nyumbani, hata kama visa moja inatosha kwa inchi zote mbili. Tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake, na polisi wanaweza kuingia ndani ya treni.

Sasa tuangalie miji yenyewe, mumoja mumoja.

Leuven iko karibu sana na Bruxelles, hata nusu saa haitimie. Ni muji wa wanafunzi. Chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka wa 1425. Maktaba yake iliungua mara mbili kwa sababu ya vita, katika Agosti 1914 na tena katika Mei 1940, na mara zote mbili waliijenga upya. Wazee wetu wanakumbuka jina la Lovanium, chuo kikuu kilichofunguliwa Kinshasa mwaka wa 1954. Jina lile ni Leuven katika Kilatini, maana chuo cha Leuven ndicho kilichokizaa. Kama uko na mutoto anayesoma, umushushe pale. Lakini kwa kuwa ni karibu, afazali kuiwekea nusu siku yake, siku ingine.

Aachen, ambayo wasemaji wa Kifaransa wanaiita Aix-la-Chapelle, iko ng'ambo ya mupaka, ndani ya Ujerumani. Ni muji wa mufalme Charlemagne. Alijenga kanisa lake pale karibu na mwaka wa 800, na alizikwa ndani yake mwaka wa 814. Tangu mwaka wa 936 hata 1531 wafalme wa Ujerumani walikuwa wakivikwa taji pale. Kutoka kituo cha treni hata kanisa, mutu wa miguu mizuri anatembea dakika kama makumi mawili, na vitu vyote viko pamoja: kanisa, nyumba ya baraza ya muji, chemchemi za maji ya moto, na maduka ya biskuti ngumu zinazoitwa Printen. Kama unasafiri na mama muzee ao watoto wadogo, chagua Aachen. Haichokeshe.

Inabaki Liège. Ni saa moja hivi kutoka Bruxelles, kando ya muto Meuse. Kituo chake, Liège-Guillemins, kilifunguliwa mwaka wa 2009. Ni kazi ya Santiago Calatrava wa Hispania, ya chuma na vioo, kama bawa kubwa jeupe juu ya njia za treni. Watu wengi wanapiga picha ya kituo na kuendelea na safari. Lakini sisi watu wa migodi tusipite hivi hivi. Inchi ile yote ya Liège ilichimbwa makaa ya mawe kwa mamia ya miaka, na kwa basi unaweza kufika Blegny, kilometa kama 20 kutoka muji. Mugodi wa Blegny ulikuwa wa mwisho wa makaa katika jimbo la Liège. Ulifungwa mwaka wa 1980. Mwaka wa 2012 UNESCO iliuandika katika urizi wa dunia, pamoja na migodi ingine mitatu ya Wallonie.

Nilikwenda pale pamoja na papa mumoja wa kanisa letu, mwenye kufanya kazi chini ya udongo kwa miaka mingi. Mutoto wake hakutaka. "Papa, umeacha mugodi kwenu, sasa unatafuta mugodi kwa Wazungu?" Muzee akajibu: "Mwanangu, kanisa kubwa nitaliona. Lakini nataka kujua kwao ilikwisha namna gani."

Wanakupa kofia ngumu na koti. Unaingia katika kaji, unashuka metre 30, halafu unashuka kwa ngazi hata metre 60. Zamani wachimbaji walikwenda zaidi ya metre 500, lakini kule chini maji yamejaa tangu pompi zilipozimwa. Wanawasha mashine ya kutoboa, na kelele yake inajaza masikio. Muzee alipapasa miti ya kushikilia paa la shimo, akasema pole pole: "Hii kazi ninaijua." Halafu tukaelezwa habari ya wageni. Mwaka wa 1946 Ubelgiji na Italia walipatana: Italia itume watu, Ubelgiji iwauzie makaa. Wengi walilala katika kambi zilizokuwa za wafungwa wa vita. Tarehe 8 Agosti 1956, katika mugodi wa Bois du Cazier, kule Marcinelle karibu na Charleroi, moto uliua watu 262, na 136 kati yao walikuwa Waitalia. Charleroi iko upande mwingine, usiifuate siku ile. Lakini ujue kwamba mashimo yale yalikula watu.

Tulipotoka juu, muzee aliangalia kilima cha mawe meusi, mabaki ya kazi, ambacho leo kimeota miti. Akauliza: "Na watoto wa wachimbaji wanafanya nini sasa?" Ndilo swali letu pia. Kipushi ilisimama mwaka wa 1993, na kazi ikaanza tena mwaka wa 2024, miaka 31 nyuma yake. Wale walioishi muda ule wanajua maana ya shimo kunyamaza. Kule Blegny shimo lilibaki wazi kwa wageni, na watu wengine walipata kazi ya kusimulia waliyoifanya kwa mikono yao. Si watu wengi kama wale walioshuka kuchimba. Lakini habari zao hazikuzikwa pamoja na makaa.

Ukichagua Blegny, siku yako imekwisha. Ulale Liège, Köln ufike kesho. Hautapoteza kitu. Kanisa lile, lililoanzwa mwaka wa 1248 na kumalizika mwaka wa 1880, lina minara ya metre 157, na liko kando kabisa ya kituo cha treni. Unatoka mulangoni, unainua kichwa, umeliona. Linaweza kukungojea usiku mumoja.

Basi, mbele ya kununua tikiti, keti na wenyeji wako na uwaambie swali ulilotoka nalo nyumbani. Mwenye swali la shule ashuke Leuven. Mwenye wazee na watoto ashuke Aachen. Mwenye kuvaa kofia ya mugodi, ao aliyelishwa na feza yake, ashuke Liège. Na akirudi, awakusanye vijana, awaelezee yote aliyoyaona kule chini.