Grasshopper ya Alief na Ikarus ya waya

Kwetu Tanzania fundi akikurudishia kitu, anakiwasha mbele yako kwanza. Redio iimbe, pasi ipate moto, ndipo mzungumze pesa. Kwa wakusanyaji wa magari ya rimoti ya zamani huku Houston, kipimo ni macho. Rangi ni ya kiwandani? Stika zimekaa palepale? Skrubu ni zilezile? Gari hushughulikiwa miezi, likapandishwa kwenye kistendi ili tairi zisibonyee, na huenda lisikanyage vumbi tena.

Naishi Alief, kusini-magharibi mwa jiji, eneo lililopewa jina la Alief Ozelda Magee, mama aliyekuwa mkuu wa kwanza wa posta ya hapa. Ukipita Bellaire Boulevard unakutana na mabango ya Kivietnam na Kichina, na siku za mapumziko hukosi kusikia Kiswahili cha Wakongo madukani. Jirani yangu, mzee wa Kivietnam, alipokuwa anahama alinipa boksi lililokaa gereji miaka mingi. Ndani mlikuwa na Tamiya Grasshopper, gari la Kijapani lililoanza kuuzwa mwaka 1984: skeli ya moja kwa kumi, bodi nyeupe, tairi za nyuma zenye meno, na dereva wa plastiki mwenye helmeti.

Kazi ilianzia kwenye rimoti. Betri zilikuwa zimevuja, na springi zake zimefunikwa na unga mweupe mgumu. Unga ule ni alkali, kwa hiyo dawa yake ni siki: unachovya pamba ya masikio, unagusa, povu linatoka, unafuta, unarudia mpaka chuma kionekane. Skrubu nazo zinataka heshima. Skrubu za Kijapani zina mkato wao, na bisibisi ya nyota ya kawaida inateleza na kula kichwa, kwa hiyo unaagiza bisibisi yake.

Kisha bodi. Plastiki nyeupe ya miaka ile hugeuka njano kama meno ya mvuta sigara. Wenyeji wa kazi hii hupaka krimu ya haidrojeni peroksaidi, ileile wanayotumia wasusi kufifisha rangi ya nywele, na hapa Alief maduka ya vipodozi vya nywele hayako mbali. Unavaa glavu, unapaka, unafunga kwa nailoni krimu isikauke, unaanika juani. Jua la Texas halina mchezo. Ukiliacha gari juu ya sakafu ya zege iliyoungua, bodi inapinda, na ukisahau kuligeuza, linatoka mabakamabaka. Nililitoa jioni likiwa jeupe kabisa.

Vipuri havikunisumbua, kwa sababu Tamiya walilitoa tena gari hili mwaka 2005, na vipuri vingi vya toleo jipya vinaingia kwenye la zamani. Kwetu fundi angesuka mota iliyoungua, waya kwa waya. Huku mota mpya inaletwa mlangoni kwa bahasha, na sijui mtu mtaani hapa anayejua kuisuka.

Mwaka huohuo wa 1984, kule Temeke, Dar es Salaam, sisi tulikuwa na magari yetu. Ilikuwa miaka ya uhaba, hata sabuni ilikuwa ya kupangia foleni, na midoli ya Kijapani hatukuiota. Waya tuliuokota, tairi tulizikata kwa wembe kwenye ndala zilizokatika, usukani tukaufunga kwenye mti mrefu unaofika kifuani ili dereva atembee nyuma ya gari lake. Walikuwepo vijana waliotengeneza mabasi ya Ikarus ya UDA, shirika la usafiri la jiji, yale marefu yenye kiungo katikati, na ukikata kona, mkia unafuata sawasawa. Ule ulikuwa uhandisi, na nausema kwa uzito wote.

Leo naweza kuagiza tairi ya nyuma ya Grasshopper nikiwa nimekaa sebuleni. Ikarus ya waya ya mwaka ule sijaiona popote. Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam imehifadhi Rolls-Royce iliyowabeba magavana wa Kiingereza na baadaye Mwalimu Nyerere, na ni vizuri. Lakini gari lililobuniwa na mtoto wa Temeke kwa mikono yake nalo ni historia, na tuliliacha liende na kutu.

Wakusanyaji wa huku nao wana la kujifunza kwetu. Chini ya chesisi ya gari langu kuna jina la mtoto, limeandikwa kwa wino. Mwenzangu mmoja alinishauri nilifute ili gari liwe kama limetoka kiwandani. Nimeliacha, maana mtoto yule ndiye aliyelipenda. Na mota nimeisafisha na kuitia mafuta, kwa hiyo lipo kabatini na linawaka.

Ndugu msomaji uliye nyumbani, kama juu ya dari au stoo kuna gari la waya, usiliuze kwa watu wa chuma chakavu. Lisugue kutu kwa brashi laini, lipake mafuta kidogo ya cherehani, liweke mbali na unyevu. Funga karatasi yenye jina la aliyelitengeneza, mtaa na mwaka. Akiwa hai, mfuate na simu yako umrekodi akieleza alivyokiunga kile kiungo cha katikati.