Laikipia: Twende Tukahesabu Milia

Ukitoka Nanyuki kuelekea kituo cha utafiti cha Mpala, lami inakuacha na vumbi linakupokea. Mlima Kenya unabaki nyuma yako, na mbele imetanda nyika ya migunga hadi upeo wa macho. Asubuhi baridi inatia vidole ganzi, adhuhuri jua linachoma. Kwangu mimi hakuna nyika inayoishinda hii Kenya nzima, na anayeifaidi zaidi ni yule aliyekuja kufanya kazi.

Kazi niipendayo ni kuhesabu punda milia wa Grevy. Huyu si yule unayemwona Maasai Mara. Milia yake ni myembamba na imesongamana, tumbo ni jeupe, masikio ni makubwa ya mviringo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikadiriwa kufikia 15,000. Wakawindwa kwa ajili ya ngozi, malisho na maji yakapungua, na leo zaidi ya asilimia 90 ya waliosalia duniani wako Kenya.

Januari 2016 wananchi waliitwa kusaidia kuwahesabu. Walikuja wafugaji, askari wa wanyamapori, wanafunzi na wanasayansi, wakatawanyika siku 2 wakiwa na kamera zinazohifadhi mahali na saa ya kila picha. Sharti lilikuwa moja: piga picha ya ubavu wa kulia. Hakuna punda milia wawili wenye milia sawa, na hata kwa mmoja, ubavu wa kulia haufanani na wa kushoto. Wengine wakipiga huku na wengine kule, mnyama mmoja atahesabiwa mara mbili. Basi mnazima injini na kungoja. Punda anakula bila haraka, amewaelekezea ubavu usiotakiwa, mkia unafukuza nzi. Akigeuka tu, kamera zinalia pamoja. Picha zikaingizwa kwenye kompyuta, milia ikalinganishwa, na hesabu ikatoka: 2,350. Mwaka 2018 ilikuwa 2,812.

Laikipia imenifundisha kutodharau kidogo. Tazama ile migunga yenye miiba iliyovimba: ndani yake wanaishi sisimizi, na tembo akigusa tawi wanammiminikia na kumuuma mpaka aondoke. Kisha wakaja sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, wakawaua wenyeji. Miti ikakosa walinzi, tembo wakaivunja, nyika ikabaki wazi, na simba wakakosa pa kujificha wanapovizia punda milia. Wakageukia nyati. Haya yalibainika katika hifadhi ya Ol Pejeta, hapa Laikipia, katika utafiti ulioongozwa na Mkenya, Douglas Kamaru, na kuchapishwa na jarida la Science mwaka 2024. Mwaka 2003 punda milia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba; kufikia 2020 walikuwa asilimia 42. Habari kama hii haipatikani ila kwa watu walio tayari kushinda porini.

Wengi wetu tumeachia kazi ya kujitolea mbugani vijana wa Ulaya na Marekani. Wanakaribishwa, lakini wanyama hawa ni amana yetu kwanza. Mwalimu, peleka chama chako cha wanafunzi. Mzazi, watoe watoto mjini wakashike darubini. Hesabu ikitangazwa, jiandikisheni mapema, mbebe sweta, kofia na maji ya kutosha. Nanyuki iko kilomita 200 hivi kutoka Nairobi, na matatu zipo kila siku.