Paka Wangu Majivu

Mtu mgumu wa kufa husemwa kuwa ana roho ya paka. Niliyasadiki maneno hayo tangu utoto wangu, mpaka nilipopata paka wangu mwenyewe na kumwona akinyauka mbele ya macho yangu. Kaa nami kidogo, msomaji mpenzi, nikusimulie kisa chake. Kwangu kina haya, lakini yamkini kwako kikawa na faida.

Naishi karibu na Runyenjes, kando ya barabara itokayo Embu kwenda Meru. Hii ni nchi ya chai, kahawa, maharagwe na mahindi, na penye mahindi hapakosi panya. Basi paka kwetu si pambo, ni mlinzi wa ghala. Wangu nilimwokota sokoni angali mdogo, rangi yake kama jivu la mekoni, nikamwita Majivu. Kwa muda wa miaka mitatu hapana panya aliyetoboa gunia langu.

Mwaka wa nne alianza kukonda. Fizi zake, zilizokuwa nyekundu, zikawa nyeupe kama karatasi. Alilala mchana kutwa, na jeraha dogo la sikioni likakataa kupona. Nilimtia kikapuni nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Damu yake ilipimwa, ikapimwa tena baada ya majuma kadhaa, na jibu likawa lile lile: ana virusi vya lukemia ya paka.

Daktari alinifundisha kwa saburi. Virusi hivyo viligunduliwa mwaka 1964 na William Jarrett na wenzake huko Glasgow, Uskoti. Huingia katika uboho, mahali damu itengenezwapo, vikapunguza damu na kuvunja kinga ya mwili. Pengine huleta saratani. Havimdhuru mtu wala mbwa. Hupita kwa mate kutoka paka hadi paka, kwa kulambana, kuumana na kula sahani moja. Tena mama huwaambukiza watoto wake. Chanjo ilipatikana mwaka 1985, lakini humlinda aliye mzima, haimponyi aliyekwisha kuambukizwa.

"Wengi hawapiti miaka mitatu," alisema daktari, "lakini muda huo waweza kuwa mwema. Mfungie ndani asikutane na wenzake. Mpe chakula kilichopikwa, si nyama mbichi. Akipatwa hata na mafua, mlete upesi."

Majirani walinicheka. Nani aliyepata kumwuguza paka? Nikawakumbusha Elsa, simba jike aliyelelewa na George na Joy Adamson. Alipougua huko Meru, Januari 1961, kwa ugonjwa wa damu uletwao na kupe, George alimwuguza usiku na mchana hata akakata roho. Hakumponya, lakini hakumwacha afe peke yake. Wakanishauri basi nimtie Majivu guniani nikamtupe Chuka. Nilikasirika, nikajibu kuwa kumtupa ni kuwapelekea watu wengine msiba wangu, na kwamba paka huyo hatatoka nyumbani mwangu.

Nilisema vizuri, msomaji, kama walimu wasemavyo. Walakini kusema si kutenda. Majivu hakuzoea kifungo. Usiku alisimama mlangoni akilia na kuukwaruza ubao kwa kucha. Usiku wa tano huruma ilinishinda, nikamfungulia. Nikamfungulia na usiku uliofuata, na mwingine baada ya huo. Alfajiri alirudi, nami nikamwingiza kabla watu hawajaamka. Wote waliamini kuwa hatoki.

Ilipita miezi kadhaa. Siku moja bibi kizee wa ng'ambo ya ua, ambaye sote twamwita Nyanya, alinijia amepakata paka wake mchanga.

"Mwalimu, wewe umesoma," alisema. "Huyu ana nini?"

Nilimfunua kinywa. Fizi zilikuwa nyeupe. Sikuweza kujibu. Paka yule alikufa kabla ya kupimwa, na hata leo sijui kama ni Majivu aliyemwambukiza. Lakini nilimjua aliyekuwa akifungua mlango.

Jioni ile nilikwenda kwa Nyanya nikamweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Ungaliniambia, mwanangu, ningalimfungia wangu." Hakuongeza neno. Afadhali angalinitukana.

Kesho yake nilinunua wavu wa chuma, nikauzungushia ukumbi wa nyuma. Humo Majivu aliota jua na kuwatazama ndege, na sahani yake ikawa yake peke yake. Panya walirudi ghalani, nikanunua mitego. Aliishi miaka miwili zaidi, akafa usiku wa mvua, kichwa chake juu ya goti langu. Aliyenisaidia kumchimbia kaburi chini ya mparachichi ni Nyanya.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Nimejifunza kuwa pengine kifo hicho humchukua wa jirani kwanza. Mimi nilidhani huruma ni kufungua mlango kwa anayelia. Msomaji, ukipewa mgonjwa wa kumtunza, awe mtu au mnyama, mhurumie. Lakini kabla hujafungua mlango, wafikirie na wale walio nje.